Kukarabati au Kurudisha Ujana? Funzo kutoka Kanisa la Inglesham

Hebu fikiria umekabidhiwa ukuta wenye picha zilizochorwa moja juu ya nyingine. Ya chini kabisa ni ya karne ya 13. Ukitaka kuiona, lazima ubandue zote za juu, na ukishabandua ndiyo basi, hazirudi. Utafanyaje?

Ukuta huo upo kweli, katika kanisa la Mtakatifu Yohane Mbatizaji, Inglesham, kusini mwa Uingereza, karibu na mto Thames. Sehemu kubwa ya jengo ni ya mwanzoni mwa karne ya 13, ila ndani mna mchongo wa Bikira Maria na Mtoto ulio wa zamani zaidi, kabla ya uvamizi wa Wanormani wa 1066. Mchongo huo uliwahi kukaa ukuta wa nje na kutumika kama saa ya jua!

Tabaka za ukutani nazo zina historia. Katika Zama za Kati, waumini wengi hawakujua kusoma, hivyo picha ziliwafundisha. Karne ya 16 yakaja Matengenezo ya Kanisa. Picha nyingi nchini humo zikafunikwa kwa chokaa, na maneno ya Biblia yakaandikwa juu. Kila kizazi kiliacha alama yake.

Karne ya 19 ikaleta hatari mpya, tena kutoka kwa watu waliopenda makanisa. Wasanifu majengo walitaka kuyarudishia sura ya Zama za Kati. Walikwangua plasta, wakang'oa mabenchi ya zamani, wakajenga upya kwa kukisia. Jengo lilipendeza, lakini ushahidi ulitupwa.

William Morris, mshairi na msanii, alilipinga jambo hilo. Mwaka 1877 alishiriki kuanzisha chama cha kulinda majengo ya kale. Hoja yao ilikuwa rahisi: ziba panapovuja, egemeza panapoinama, lakini usijifanye fundi wa karne ya 13. Morris alikuwa na nyumba Kelmscott, jirani na Inglesham, na mwishoni mwa miaka ya 1880 alisaidia kanisa hilo likarabatiwe kwa njia hiyo. Ndiyo maana mabenchi yake yaliyozungushiwa mbao kama vibanda, mimbari na zile tabaka za ukutani vipo hadi leo.

Leo kanisa hilo limo katika daraja la kwanza la majengo yanayolindwa kisheria. Halitumiki tena kama kanisa la parokia. Liko chini ya taasisi iliyoanzishwa 1969, inayotunza makanisa zaidi ya 350 yaliyoachwa na parokia zake. Lakini tusijidanganye: sheria huzuia nyundo, haizuii mvua. Paa likivuja, unyevu huingia ukutani na rangi hubanduka bila mtu kuigusa. Kusafisha mifereji ya maji kila mwaka huokoa picha nyingi kuliko ukarabati mkubwa wa mara moja.

Maswali ya kujadili
1. Je, tabaka ya zamani zaidi ndiyo yenye thamani zaidi? Nani aamue?
2. Jengo likikosa watumiaji, nani abebe gharama za kulitunza?
3. Ukirudi kwenye ule ukuta, ungebandua?