Somo Juu ya Mafuta ya Mwili

Ndugu mpendwa, fungua Biblia yako usome kitabu cha Danieli, mlango wa 1. Utaona ya kuwa wale vijana wanne walikula mboga na kunywa maji siku 10, na mwisho wake walionekana wanono kuliko wenzao. Kwa watu wa zamani unono ulikuwa dalili ya afya. Hata kwetu Kindu ni vivyo hivyo. Mama akinenepa, watu husema mume wake anamtunza vema. Akikonda, majirani hunong'ona: ana ukimwi, au kifua kikuu, au amerogwa. Kwa hiyo mama akiambiwa na mganga apunguze mwili, mara nyingi huogopa maneno ya watu kuliko ugonjwa wenyewe. Somo hili ni kwa ajili yake, na kwa baba pia.

Mafuta ya mwili ni akiba. Chakula kinachozidi kazi ya mwili hugeuzwa kuwa mafuta, nayo huwekwa chini ya ngozi na ndani ya tumbo, karibu na maini na matumbo. Akiba kidogo ni njema, maana humsaidia mtu siku za njaa na za ugonjwa. Lakini mafuta mengi ndani ya tumbo huongeza hatari ya shinikizo la damu na ugonjwa wa sukari. Mtu huweza kuwa na magonjwa hayo miaka mingi bila maumivu yoyote. Kisha siku moja anaanguka shambani, na upande mmoja wa mwili umepooza.

Utajuaje? Omba utepe wa fundi wa cherehani. Uzungushe tumboni, katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, wala usivute tumbo ndani. Mwanamke akifika sentimita 80, na mwanamume 94, hatari imeanza. Wakifika 88 na 102, hatari ni kubwa. Lakini tumbo lililojaa maji, au miguu iliyovimba, si unene. Mwenye hayo aje hospitali upesi.

Sasa tuingie jikoni. Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori. Gramu 1 ya wanga au sukari ina kalori 4, lakini gramu 1 ya mafuta ina kalori 9. Kijiko kimoja cha mezani cha mawese kina karibu kalori 120, na kuzimaliza kwataka kutembea kwa haraka karibu nusu saa. Hesabu basi vijiko vilivyomo katika sufuria yako ya sombe! Hatusemi mawese ni mabaya. Mawese mekundu yana vitamini A inayolinda macho, na watoto wanaihitaji sana. Ila usiyamimine kutoka chupani. Yapime kwa kijiko. Samaki wa Lualaba hana haja ya kuogelea tena katika mafuta. Mfunge katika majani pamoja na nyanya na kitunguu, umwoke juu ya makaa, nawe utaona utamu wake haukupotea.

Wali usiuache kabisa, kwa maana Maniema ni nchi ya mpunga. Lakini tazama sahani yetu: bukari ni mlima, na mboga ni kijito kidogo pembeni. Geuza. Nusu ya sahani iwe lengalenga, matembele au sombe; robo iwe bukari au wali, si vyote viwili; robo iwe samaki au maharage. Chai inywe bila sukari, au kwa kijiko kimoja. Chupa moja ya soda ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, na chupa kubwa ya bia ina karibu kalori 300, mbali na hasara zake nyingine ambazo tumezifundisha katika masomo mengine.

Mama anayelima tangu alfajiri na kurudi na kuni kichwani hahitaji kufundishwa mazoezi. Tunasema na karani, na mwenye duka, na yule ambaye hawezi kutoka Mikelenge kwenda Kasuku bila pikipiki. (Tunasema na wachungaji wetu pia, watusamehe, kila nyumba wanayoitembelea inawapa sahani.) Tembea dakika 30, siku 5 za juma, kwa mwendo wa kukuongezea pumzi lakini unaoweza kuzungumza bado. Siku 2 za juma fanya pia kazi ya kutia misuli nguvu, kama kulima au kubeba maji.

Wengine huvaa koti zito juani ili watokwe na jasho, au hunywa dawa ya kuharisha. Mizani itashuka kweli, lakini kilichotoka ni maji, nayo hurudi ukinywa. Mafuta yanapotumiwa mwilini hugeuka kuwa hewa na maji. Katika kilo 10 za mafuta, zaidi ya kilo 8 hutoka kwa njia ya pumzi.

Tena tunawaonya kina dada juu ya vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa bila cheti cha mganga. Vingine vina deksametasoni. Dawa hiyo huvimbisha uso, hupandisha damu na sukari, na hudhoofisha mifupa. Aliyeitumia muda mrefu asiiache ghafula, maana huweza kuanguka na kufa. Aje kwetu apunguziwe polepole.

Usiwe na haraka. Nusu kilo kwa juma yatosha. Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo 5 tu, mara nyingi damu yake na sukari yake huanza kushuka. Mwenye mimba, mtoto, na mgonjwa wa kifua kikuu wasijipunguze kwa somo hili. Na anayekonda bila kutaka apimwe, wala asifurahi.

Neno moja zaidi kwa wanaofunga kwa maombi. Ikiwa unameza dawa za sukari au unapigwa sindano ya insulini, usifunge kabla ya kuonana na mganga, kwa kuwa sukari huweza kushuka mno. Ukiona ndugu kanisani anatetemeka, jasho jingi linamtoka na maneno yake yanachanganyika, mpe mara moja maji yenye vijiko 3 au 4 vya sukari, kama aweza kumeza. Akiwa amezimia, usimtie kitu kinywani. Mlaze ubavu, mlete hospitali bila kungoja ibada iishe.