SOMO LA AFYA: DAKIKA TANO ZA ASUBUHI KWA MWENYE PIKIPIKI



Umezoea kusoma habari za malaria, kuhara na chanjo. Leo tunazungumzia tatizo lisilo na mbu wala vijidudu, lakini linalovunja mifupa na kuua vijana wenye afya njema: ajali ya pikipiki. Vijana kutoka makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyaka II huenda Kampala kutafuta riziki kwa bodaboda. Makazini nako pikipiki hubeba wagonjwa, mama wajawazito na magunia ya sokoni. Kwa hiyo somo hili ni la mwendeshaji, la abiria wake, na la watu wa nyumbani wanaomsubiri arudi jioni.

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
1. Kujua mambo ya kuangalia kabla ya kununua au kukodi pikipiki.
2. Kuikagua pikipiki yako kila asubuhi kwa dakika tano.
3. Kuendesha kwa usalama kwenye mteremko, mvua na msongamano.
4. Kumsaidia majeruhi bila kumwongezea madhara.

KWA NINI TUNACHUKUA MFANO WA KAMWOKYA?

Kamwokya (hutamkwa Kamwocha) ni mtaa wa Kampala ulio kati ya kilima cha Kololo na Bukoto. Barabara ya Kira inapita hapo, jirani na Makumbusho ya Uganda. Juu kuna lami na magari yaendayo kasi. Ukishuka bondeni, kwenye vichochoro vya Kifumbira, unakuta mitaro, matope, watoto wanaocheza na akina mama waliopanga bidhaa zao chini. Bodaboda mmoja anaweza kupita kwenye mteremko, lami, msongamano na tope ndani ya robo saa. Anayeweza kuendesha salama Kamwokya ataweza pia Isingiro au Kyegegwa.

Hospitali kuu ya Mulago iko kilima cha jirani, na kwa miaka mingi imepokea majeruhi wa bodaboda. Lakini hata daktari bingwa hawezi kurudisha mguu uliokatwa. Na mkimbizi aliyevunjika mguu mjini mara nyingi hana shamba la kurudia wala ndugu wa kumlipia kodi ya chumba. Pikipiki ikilala, chakula cha watoto nacho kimelala.

KABLA YA KUNUNUA AU KUKODI

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na ya kumiliki mali inayohamishika, kama pikipiki. Lakini haimwondolei wajibu wa sheria za barabarani. Unahitaji leseni ya kuendesha pikipiki, yaani daraja A, na bima.

Ukinunua pikipiki iliyotumika, fanya haya:

- Linganisha namba ya fremu na namba ya injini na zile zilizoandikwa kwenye kitabu cha umiliki (logibuku). Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, acha.
- Tazama fremu. Alama za kuchomelewa ni dalili kwamba imewahi kupata ajali.
- Bonyeza usukani chini mara kadhaa. Oili ikivuja kwenye shokomzoba za mbele, utahitaji matengenezo.
- Washa injini. Moshi wa rangi ya bluu maana yake injini inakula oili.
- Nenda na fundi wako mwenyewe, si fundi aliyeletwa na muuzaji.

Ukiendesha pikipiki ya mtu na kumpelekea hesabu kila wiki, andikianeni mkataba. Mkataba useme wazi ni nani analipia breki, tairi na oili. Mahali pasipo na makubaliano hayo, tajiri husema ni kazi ya dereva, dereva husema ni kazi ya tajiri, na breki zinaisha wote wawili wakitazamana. Kama pikipiki ni yako, weka akiba kidogo kila siku kwa ajili ya vipuri, kabla ya kugawa mapato ya siku.

UKAGUZI WA DAKIKA TANO

Pikipiki zinazoonekana zaidi kwenye vijiwe vya Kampala, au steji kama wanavyoziita huko, ni Bajaj Boxer na TVS. Ukaguzi huu unafaa kwa zote. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, mahali palipo sawa, injini ikiwa imezimwa. Anza mbele, malizia nyuma, ili usisahau kitu.

1. Tairi. Tazama upepo, misumari na mipasuko. Kipimo sahihi cha upepo kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na mara nyingi kwenye kibandiko ubavuni. Tairi ya nyuma huhitaji upepo zaidi ukibeba abiria. Tairi iliyokwisha meno haishiki barabara yenye maji. Gusa spoki moja moja, iliyolegea ikazwe.

2. Breki. Sukuma pikipiki kwa mguu, kisha jaribu breki ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Kila moja ishike bila kwikwi. Mkono wa breki ukifika karibu na mpini, au pedali ikizama sana, breki zikazwe. Kama umezikaza mara nyingi na bado hazishiki, viatu vya breki vimekwisha, badilisha.

3. Mnyororo. Uinue na kuushusha katikati ya upande wa chini. Kwa pikipiki nyingi za aina hii, uchezee kiasi cha sentimita 2 hadi 3. Ukilegea sana huruka na kukaza gurudumu ghafla. Ukikazwa sana hukatika. Usipake oili mnyororo injini ikiwa inazunguka, maana vidole hukatwa namna hiyo.

4. Oili. Soma kipimo injini ikiwa imezimwa na kutulia dakika chache. Badilisha oili kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu, na mapema zaidi kama unafanya kazi mchana kutwa kwenye vumbi. Oili chakavu usimwage mtaroni, kwa sababu maji ya mtaro yanaweza kufika kwenye chemchemi ambako watu wanachota. Iweke kwenye dumu, umpelekee fundi.

5. Taa, indiketa na honi. Washa zote. Taa ya breki iwake kwa breki zote mbili. Gari lililo nyuma yako halina njia nyingine ya kujua unasimama.

6. Usukani na kioo. Geuza usukani kushoto na kulia. Usikwame wala usivute nyaya. Futa vioo.

Hapa pia tuseme neno kuhusu petroli. Usiivute kwa mdomo kwa mpira. Ikipita kwenye mapafu husababisha ugonjwa mkali. Usiihifadhi kwenye chupa ya soda ndani ya nyumba. Mtoto akinywa petroli au mafuta ya taa, USIMTAPISHE. Mpeleke kituo cha afya mara moja.

KOFIA NGUMU

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu, yaani helmeti, hupunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Hakuna kifaa kingine cha pikipiki chenye faida hiyo kwa bei hiyo.

Lakini kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani hailindi kichwa, na ambayo haikufungwa kidevuni huruka kabla wewe hujafika chini. Funga mkanda, kisha tikisa kichwa: kofia isizunguke. Kofia iliyowahi kugongwa kwa nguvu ibadilishwe, hata kama kwa nje inaonekana nzima.

Abiria naye anahitaji kofia. Wengi hukataa kwa kuogopa mba, chawa au jasho la mtu mwingine. Hofu hiyo ina sababu, na dawa yake ni rahisi: abiria afunge kitambaa chake safi kichwani kwanza, na mwenye kofia aifute na kuianika juani kila siku. Kampuni ya SafeBoda, iliyoanza Kampala mwaka 2014, ilionyesha kwamba abiria wa mjini huzoea kofia wakipewa iliyo safi.

UKIWA BARABARANI

Mwendo. Ukienda kilomita 40 kwa saa, unapita mita 11 kila sekunde. Ukienda 60, unapita karibu mita 17. Mtoto akitokea ghafla kwenye kichochoro, sekunde ya kwanza hupotea kabla mkono wako haujagusa breki. Tofauti ya mita 6 ndiyo tofauti kati ya kumkosa na kumgonga.

Mteremko. Baadhi ya madereva huzima injini au kuweka gia huru wakishuka kutoka Kololo, ili kuokoa petroli. Huo ni uchumi wa hatari. Injini iliyo kwenye gia inasaidia kushikilia pikipiki. Ukiiondoa, breki hubeba mzigo wote, hupata moto na kulegea. Shuka kwa gia ndogo, ukitumia breki zote mbili kwa upole. Usiogope breki ya mbele: ndiyo inayosimamisha zaidi. Iminye pole pole pikipiki ikiwa imesimama wima, si kwenye kona wala kwenye tope.

Mvua. Dakika za mwanzo za mvua ndizo mbaya zaidi, kwa sababu oili na vumbi vya barabarani huchanganyika na maji na kuteleza kama sabuni. Jikinge kwanza, au punguza mwendo na uache nafasi mara mbili ya kawaida. Maji yaliyofunika barabara bondeni usiyaingie kama huoni chini. Mtaro ulio wazi hauonekani.

Pombe na usingizi. Waragi hautolewi mwilini kwa kahawa wala kwa kuoga maji baridi. Mwili huuondoa kwa muda wake. Mairungi huficha uchovu lakini hayauondoi. Ukianza kusinzia, simama ulale robo saa. Abiria mmoja wa usiku hana thamani ya maisha yako.

KWA ABIRIA

- Panda na ushuke upande wa kushoto. Kwenye pikipiki nyingi bomba la moshi liko kulia, na huunguza ndama ya mguu. Ukiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala tope.
- Kusanya kitenge, gauni au shuka ya kubebea mtoto mbali na gurudumu. Ile kinga ya chuma upande wa kushoto iliwekwa na watengenezaji wa India ili sari isiingie kwenye spoki; nasi tunavaa nguo ndefu vile vile.
- Kataa mshikaki. Sheria ya Uganda inaruhusu abiria mmoja tu.
- Una haki ya kusema, "Ndugu, punguza mwendo." Asipokusikia, mwombe asimame ushuke.

AJALI IKITOKEA

1. Zuia magari kwanza, ili wasiongezeke majeruhi. Zima injini na ufunge petroli. Mtu asivute sigara karibu.
2. Piga simu ya dharura 999 au 112.
3. Usimnyanyue majeruhi kwa haraka. Kama shingo au mgongo umeumia, kumkunja kunaweza kumpoozesha. Usimvue kofia ngumu, isipokuwa hapumui au anakabwa na matapishi; hapo mmoja ashike kichwa na shingo vikae sawa, mwingine aivue taratibu.
4. Damu ikitoka kwa wingi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Vaa glovu, au mifuko ya plastiki mikononi.
5. Amezimia lakini anapumua? Mgeuze ubavu, kichwa na mwili vikienda pamoja.
6. Usimpe maji wala chakula. Huenda akahitaji kupasuliwa.
7. Asafirishwe akiwa amelala, kwenye gari. Kumkalisha katikati ya watu wawili juu ya bodaboda kunaweza kugeuza mfupa uliovunjika kuwa ulemavu wa maisha.

SIKU MBILI ZA KUANGALIA

Mtu aliyegonga kichwa anaweza kuinuka, kujipangusa vumbi na kurudi kazini. Saa kadhaa baadaye anaumwa kichwa, anatapika, analala sana. Nyumbani wanasema ni malaria, wanampa dawa na kumwacha apumzike, kumbe damu inavuja ndani ya fuvu.

Kwa siku mbili asilale peke yake, na mweleze mhudumu wa afya kwamba aligonga kichwa. Mrudishe hospitali UPESI ukiona: kutapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, degedege, mboni za macho zisizolingana, au maji au damu kutoka puani au masikioni.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini ni hatari kushuka mlima gia ikiwa huru?
2. Abiria anaogopa mba. Utamshauri nini?
3. Jirani yako alianguka na pikipiki jana, leo anatapika. Utafanya nini kwanza?

Majibu yote yako ndani ya somo. Ukimaliza kusoma, msomee jirani asiyejua kusoma, kisha ubandike ukurasa huu kijiweni, mahali pikipiki zinapolala.