Somo la Harufu ya Sinki katika Karavani
Akiulizwa kwa nini sinki la karavani hunuka, mwanafunzi hujibu: uchafu. Mwalimu asimkatize. Na achukue mpira wa plastiki uonyeshao ndani, aupinde mfano wa herufi S, umbo alilolitumia Alexander Cumming katika choo alichokipatia hataza mwaka 1775, kisha atie maji kidogo. Maji yatuamayo katika mpindo wa chini ndiyo yazuiayo hewa ya tangi la maji machafu, ambayo huweza kuwa na hidrojeni salfaidi, nayo ni sumu. Na karavani ni chumba kidogo.

Sasa amimine maji mengi kwa ghafla, mkia wa mpira ukining'inia: yatafyonzwa, hata yale ya mpindoni. Atoboe tundu kwenye mpindo wa juu, arudie. Safari hii mengine yatabaki. Tundu hilo ni mfano wa bomba la hewa lipandalo hadi paani, ambalo likizibwa na kiota cha nyigu, sabuni haifai kitu. Jina la bomba lisitajwe kabla ya tundu kutobolewa.