Mbegu Ipandwayo Mfukoni mwa Jirani

Kila mwaka Noeli ikaribiapo, mabasi yaendayo Moshi hujaa watoto wa Kilimanjaro wanaorudi kwao. Ukoo hukutana kihambani, mbuzi huchinjwa, mbege humiminwa, na wazee huwauliza vijana habari za mjini. Desturi hii ni njema, nasi twaisifu. Lakini miaka hii, pamoja na mchele, sukari na kanga ya mama, baadhi ya warudio huleta kitu kingine: mkoba wa makopo ya vidonge, na karatasi iliyochorwa duara nyingi.

Sisi wenyewe tuliyaona hayo huko Marangu. Tulikaribishwa katika nyumba moja siku ya pili ya Noeli, tukadhani twaitiwa chakula na maongezi. Chakula kilipokwisha, kijana mmoja wa ukoo, aliyevaa tai safi, alisimama, akabandika karatasi yake ukutani. Duara moja juu: “Huyu ni wewe.” Duara tano chini yake: “Hawa ni rafiki zako.” Na chini ya kila mmoja, tano nyingine. Kila aingiaye, alisema, hununua kwanza sanduku la bidhaa, na yule aliyemwingiza hupata fungu lake. Kisha hupata fungu kwa wale walioingizwa na huyo, na chini yao tena, mpaka siku moja mtu aketi barazani mwake huku fedha zikija zenyewe. Alipomaliza alitugeukia, akasema kwa heshima zote: “Baba akijiunga, parokia nzima itamfuata.”

Neno hilo hatukulisahau. Hakuna mtu mle nyumbani aliyetuuliza kama twavihitaji vidonge vile. Walichotaka kwetu si shilingi zetu, bali imani ya watu waliokabidhiwa kwetu. Tulikataa kwa upole, tukaenda zetu. Lakini tuliporudi baada ya miezi kadhaa, tulimkuta mama mmoja mzee wa nyumba ya jirani, aliyekuwa ameuza ng'ombe wake wa maziwa ili anunue sanduku. Makopo yalikuwa chini ya kitanda. Alikuwa ameingiza wanne wa jumuiya yake ndogo ndogo, nao pia makopo yao yalikuwa chini ya vitanda. Hakulilia ng'ombe. Alituuliza: “Padre, Alhamisi nitawatazamaje wenzangu katika sala?” Alituruhusu tuyaandike haya bila jina lake, ili wengine wapate kufunzwa.

Wengine watasema: padre ajua nini juu ya biashara? Ni kweli, sisi tu watu wa nje. Hatujauza hata kopo moja. Lakini aliye nje ya nyumba ndiye auonaye moshi unapotoka paani. Basi na tuitazame biashara hii kwa utaratibu.

Kwanza, hesabu yake. Mtoto wa shule ya msingi aweza kuifanya. Ikiwa kila mtu ataingiza watano, safu ya kwanza ni watu 5, ya pili 25, ya tatu 125, ya nne 625, ya tano 3,125. Hapo tungali katika vijiji vichache vya mlimani. Lakini safu ya tisa yataka watu 1,953,125. Na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,861,934 katika Mkoa wote wa Kilimanjaro, pamoja na watoto wachanga na wagonjwa vitandani. Safu ya kumi na mbili yataka watu zaidi ya milioni 244, na Tanzania nzima mwaka ule ilikuwa na watu 61,741,120. Yaani ahadi aliyopewa mtu wa kwanza haiwezi kutimizwa kwa wote, hata kama kila mmoja atajitahidi usiku na mchana.

Tena angalieni: mpango huu ukomapo katika safu yo yote baada ya zile za mwanzo, watu wapatao wanne katika kila watano wamo katika safu ya mwisho, ambao chini yao hakuna mtu. Hawa wametoa, hawakupokea. Si kwamba walikuwa wavivu. Walichelewa tu kuja, na kwa lazima ya hesabu wengi ndio watakaochelewa. Kwa hiyo waambiwapo, “Hukufanikiwa kwa sababu hukuamini, hukujituma,” huongezewa dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza: wamenyang'anywa mali, kisha wabebeshwa lawama.

Pili, tukumbuke yaliyopata kutukia nchini. Kati ya mwaka 2007 na 2009 watu wengi walitoa fedha zao kwa shirika lililoitwa DECI, lililokuwa na makao yake Mabibo, Dar es Salaam. Hapakuwa na bidhaa hata kidogo. Mtu “alipanda mbegu,” yaani alitoa fedha, akangoja “kuvuna” zaidi ya alizotoa. Baadhi ya viongozi wake walikuwa wachungaji wa makanisa, na maneno ya kupanda na kuvuna yaliwaingia watu moyoni kwa sababu waliyajua tangu utoto kutoka katika Injili. Serikali ililisimamisha mwaka 2009, na mwezi Agosti 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi hao. Sheria yetu ya Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 171A, yakataza kuendesha mipango ya namna hiyo. Hata hivyo mwaka 2025 polisi walilazimika kuwakamata watu katika mikoa kadhaa kwa sababu ya mpango mwingine ulioitwa LBL, ambao watu walitoa fedha wakiahidiwa malipo kwa kutazama matangazo ya sinema katika simu. Jina lilibadilika na chambo kilibadilika. Ndoana ni ile ile.

Hatuyaandiki haya ili kuwacheka ndugu zetu wa madhehebu mengine. Kati ya waliopanda walikuwamo Wakatoliki pia. Twayaandika kwa sababu mbegu ya kweli hupandwa katika udongo, nayo huzaa kwa mvua na jua ambavyo Mungu huwapa wote. Mkulima avunapo, hakuna jirani apungukiwaye. Mbegu ya DECI ilipandwa mfukoni mwa jirani. Mavuno ya mmoja yalikuwa fedha ya mwingine aliyeingia nyuma yake, wala hapakuwa na shamba.

Tatu, yatupasa kutenda haki. Kampuni ziuzazo bidhaa kwa njia ya duara hizi hazifanani zote na DECI, wala si zote zivunjazo sheria. Huko Marekani, zilikozaliwa nyingi, Tume ya Shirikisho ya Biashara iliamua mwaka 1979 juu ya kampuni ya Amway ya kuwa si mpango haramu, kwa sababu ilikuwa na masharti ya kuwauzia wateja wa kweli, na haikumlipa mtu kwa kuingiza mwingine tu. Lakini tume ile ile iliona ya kuwa kampuni ilikuza mno habari za mapato. Na mwezi Septemba 2024 watumishi wa tume hiyo walitoa uchunguzi wa taarifa za mapato za kampuni 70 za namna hii. Katika nyingi kati ya hizo, washiriki walio wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, yaani chini ya dola 84 kwa mwezi. Nazo taarifa nyingi hazikuondoa gharama alizotumia mtu mwenyewe. Hayo ndiyo yaliyoandikwa na kampuni zenyewe, katika nchi yenye fedha nyingi. Mama wa Marangu atarajie nini?

Basi kipimo ni hiki: fedha yatoka wapi? Ikitoka kwa mnunuzi anayekitaka kitu chenyewe, wala hana nia ya kujiunga, hiyo ni biashara, hata kama faida ni ndogo. Ikitoka kwa wale waingiao, wanunuao sanduku ili tu waruhusiwe kuingiza wengine, basi bidhaa ile ni vazi tu lililofunika upatu haramu.

Na tusilichanganye neno. Upatu wa akina mama wa mtaa ni kitu kingine. Wanawake kumi wakitoa shilingi 20,000 kila mmoja kwa juma, kila juma mmoja wao hupokea 200,000, na baada ya majuma kumi kila mmoja amepokea kiasi kile kile alichotoa. Hakuna aliyetajirika kwa mwenzake, na wote wamesaidiana kuweka akiba. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hicho hujazwa kwa nafaka ya kila mwenye nacho.

Nne, watu wa Kilimanjaro hawana haja ya kufundishwa na mgeni maana ya kufanya biashara pamoja. Mapadre wa Roho Mtakatifu walioanza misheni ya Kilema, jirani ya Marangu, walipanda kahawa hapo kabla ya mwaka 1900. Mwaka 1925 wakulima wenyewe waliunda chama chao, ambacho Joseph Merinyo alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu, na mwaka 1933 pakatokea Chama Kikuu, yaani KNCU. Chama hicho kilipata taabu nyingi: bei zilianguka, Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na viliporudishwa baadaye havikukosa madeni na manung'uniko. Hatusemi ya kuwa kilikuwa bustani ya Edeni. Lakini msingi wake ulikuwa wa haki. Kila mwanachama alileta kahawa yake. Fedha ilitoka kwa mnunuzi wa ng'ambo aliyeitaka kahawa hiyo. Na aliyejiunga mwisho alilipwa kwa kilo zake sawasawa na aliyejiunga kwanza. Hakuna aliyehitaji kumtega shemeji yake ili apate chake.

Sasa tufike kwenye jambo lililo kubwa kuliko fedha. Amri ya saba yatukataza kuchukua mali ya mwingine isivyo haki, na ya nane kusema uongo. Lakini biashara hii hugusa hata ile amri ya mapendo. Ubatizo huwapa watu wasimamizi, ndoa huwapa mashemeji, jumuiya huwapa wenzi wa sala. Hao wote tulipewa ili tuwapende. Karatasi ile ya duara hutufundisha kuwatazama kwa jicho jingine: huyu ana pensheni, yule ana mtoto Ulaya, huyu hawezi kuniambia hapana. Na kweli, hawezi. Mara nyingi hununua si kwa kuamini, bali kwa kuona haya. Undugu uliojengwa kwa vizazi vitatu hutumiwa kama mtaji wa mwezi mmoja.

Twawashauri wasomaji wetu, kabla ya kutoa hata shilingi moja, waulize maswali manne. Je, ningekinunua kitu hiki kwa bei hii dukani Himo au Moshi, kama hakuna fungu lo lote la kupata? Je, huyu anialikaye aweza kunionyesha daftari yake, ameingiza kiasi gani na ametumia kiasi gani? Je, naharakishwa nitoe leo leo? Je, naambiwa ya kuwa vidonge hivi vyaponya kisukari au shinikizo la damu, hata niache dawa za hospitali? Jibu la swali moja tu likiwa baya, afadhali mtu aage na kuondoka. Wala asidanganywe na cheti cha kuandikishwa BRELA: kuandikishwa kwaonyesha ya kuwa kampuni ipo, hakuthibitishi ya kuwa ni ya haki.

Maparoko, makatekista na viongozi wa jumuiya twawaomba jambo la pekee: wasitoe ukumbi wala jina lao kwa shughuli hizi. Mtu akiletwa na katekista wake haulizi tena maswali.

Na wale waliokwisha kuwaingiza wenzao, wafanyeje? Aliyejua ya kuwa anadanganya yampasa kurudisha. Toba bila kurudisha ni nusu ya toba. Aliyeingiza wengine kwa kutojua hana hatia ya wizi. Lakini tangu siku ajuapo yampasa kuacha, kuwaambia ukweli wote aliowaingiza, na kuwarudishia lile fungu alilopokea kwao, kadiri liwezekanavyo.

Hayo ndiyo tuliyomjibu mama yule. Tena tulimkumbusha jambo alilolijua kuliko sisi. Wachaga tangu zamani wana jani la isale, lipandwalo mipakani mwa vihamba. Aliyekosa akilipeleka kwa jirani yake, jirani hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Alikwenda kwa wote wanne, mlango kwa mlango, akiwa na isale mkononi, akawarudishia kidogo alichokuwa amepokea. Ng'ombe hakurudi. Lakini Alhamisi iliyofuata sala ilifanyika nyumbani kwake, na wote wanne walikuwapo.