Tarehe ya Mwisho wa Dawa Inayojaribiwa

Kila dawa ina umri wake. Siku iliyoandikwa juu ya chupa ikiisha kupita, nguvu ya dawa haiwezi kudhaminiwa tena, hata kama rangi na harufu yake havikubadilika. Jambo hili ni zito zaidi ikiwa dawa ingali katika majaribio. Mtu aliyekubali kwa hiari yake kujaribiwa dawa ameutia mwili wake katika amana ya waganga. Tena dawa iliyopungua nguvu huharibu jibu linalotafutwa.

Mwaka 2009 yalianza majaribio makubwa ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S katika nchi 7 za Afrika. Watoto 15,459 waliandikishwa, baadhi yao huko Kilifi, Siaya na Kombewa katika Kenya. Chanjo zilitolewa mara 3, mwezi hata mwezi, na watoto wengine wakaongezewa sindano ya 4 baada ya miezi 18. Ni dhahiri kwamba kazi ya namna hiyo haiwezi kutegemea shehena moja iliyowekwa ghalani siku ya kwanza. Majaribio yalikwisha mwaka 2014, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri chanjo hiyo itumiwe.

Hesabu yenyewe hufanywaje? Chukua mfano wa vidonge vyenye umri wa miezi 24. Kuvipima, kuvibandika lebo, kuvisafirisha na kuvipitisha forodhani huchukua miezi 5. Mgonjwa hupewa vidonge vya miezi 3 kwa mara moja. Kwa hiyo, baada ya mwezi wa 21 havifai kutolewa, maana vitamwisha umri mikononi mwake. Basi zahanati imebakiwa na miezi 16 tu, si 24. Kama majaribio yatadumu miaka 2, yapasa shehena ya pili ifike kabla ya mwezi wa 21, yaani itengenezwe kabla ya mwezi wa 16. Anayengoja mpaka ghala liwe tupu amekwisha chelewa.

Mtunza ghala naye ana kanuni yake: hutangulia kutoka chupa itakayoharibika mapema, wala si ile iliyotangulia kufika. Mkulima mwenye busara hufanya vivyo hivyo na mahindi yaliyoanza kubunguliwa.

Pengine vipimo huonyesha kwamba dawa ingali njema, na tarehe husogezwa mbele kwa idhini ya wakuu wanaohusika. Hapo lebo mpya hubandikwa na kuandikwa daftarini, lakini nambari ya shehena haifichwi kamwe.

Mgonjwa pia ana wajibu wake. Yampasa kuisoma tarehe kabla ya kumeza, kurudisha chupa pamoja na vidonge vilivyosalia, na kuuliza asipoelewa. Kuuliza si utovu wa adabu. Ni haki yake.