Kikomo au Kima? Istilahi za Volteji ya Prosesa na Mfano wa Ndiva za Makanya

Makala haya yanajadili tatizo la kiistilahi linalojitokeza pale urekebishaji wa mipaka ya volteji ya prosesa unapoelezwa kwa Kiswahili. Istilahi za kompyuta zilizoundwa awali, zikiwamo za Jambo OpenOffice ya mwaka 2004, zilihusu hasa maneno ayaonayo mtumiaji kwenye skrini. Yaliyo ndani ya mfumo endeshi hayakupewa uzito huo.

Baadhi ya viendeshi vya Linux vinavyopandisha na kushusha masafa ya prosesa huoanisha kila masafa na volteji yake. Faida yake si ndogo. Nguvu itumikayo katika ukokotoaji hutegemea masafa pamoja na volteji iliyozidishwa kwa yenyewe, volti 1.2 zikishushwa hadi 1.0, masafa yasipobadilika, nguvu hiyo hupungua kwa takriban asilimia 31. Lakini volteji ikishuka mno, prosesa hukosea hesabu au mashine hukwama; ikizidi, joto hupanda na prosesa huweza kuungua. Hivyo, anayeandika kwamba "kikomo cha volteji kimerekebishwa" hajamfaa msomaji. Kikomo, kwa mazoea ya wasemaji, ni mwisho wa kupanda, ilhali kosa lenyewe huenda liko upande wa chini.

Neno kima linafaa zaidi. Tayari lina chini na juu, kama katika kima cha chini cha mshahara, na hutumika pia kwa kina cha maji. Katika bonde la Makanya, wilayani Same, ndiva, yaani bwawa dogo la Wapare, hukusanya maji usiku ili mchana yafunguliwe yakiwa na nguvu ya kufika mashamba ya mbali. Kima kikiwa chini mno, maji huishia mferejini. Kikizidi, hufurika ukingoni. (Ulinganisho huu unahusu mipaka tu: maji ya ndiva huisha kwa kutumiwa.)

Masafa ndilo gumu. Kwa mkazi wa Makanya, masafa ni umbali wa kwenda Same mjini. "Kasi ya mapigo" ni istilahi ndefu, ila haipotoshi: gigahezi 1 ni mapigo bilioni 1 kwa sekunde. Kwa istilahi hizi kanuni ya kiendeshi huandikika bila utata: kasi ya mapigo inapopandishwa, volteji hutangulia kupanda, inaposhushwa, kasi hutangulia na volteji hufuata, pasipo kuvuka kima cha chini wala cha juu.