Usahihi wa Risasi: Somo la Vipimo kutoka Misitu ya Kasulu na Kibondo

Katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, misitu ya miombo huteremka taratibu mpaka kwenye mabwawa ya mito Malagarasi na Moyowosi. Humo huishi nyati, nzohe na wanyama wengine wengi. Humo pia huingia warina asali, kwa kuwa asali na nta ni mazao ya siku nyingi ya wilaya hizo.

Kwa mrina asali, hatari zinazomzidi nyati aliyejeruhiwa ni chache. Nyati aliyepigwa risasi ya tumbo au ya paja haanguki pale alipo. Hukimbilia kichakani, akajibanza, akageuka kuikabili njia aliyopita. Mtu wa kwanza kuifuata njia hiyo, awe mwindaji, askari wa wanyamapori au mama anayeokota kuni, ndiye atakayelipa gharama ya risasi iliyokosea kwa sentimeta chache tu.

Kwa nini risasi mbili, zilizopigwa kwa bunduki moja na mtu mmoja aliyelenga mahali pamoja, hazifiki mahali pamoja? Jibu la swali hili si la wawindaji peke yao. Ni somo la msingi katika fizikia na hisabati, nalo lahusu tofauti iliyopo baina ya wastani na mtawanyiko.

GOBORE NA KIGANJA CHA BARUTI

Katika karne ya 19 bunduki nyingi ziliingia nchi za bara kwa misafara iliyotoka pwani, ikapitia Tabora na kufika Ujiji. Nyingi zilikuwa magobore, yaani bunduki zinazoshindiliwa kwa kupitia mdomo wa mtutu. Magobore yaliyotengenezwa kienyeji yameendelea kukamatwa mkoani Kigoma hata katika miaka ya karibuni.

Gobore lina kasoro tatu zinazolizuia kupiga sawasawa:

(a) Baruti hupimwa kwa kukisia, mara nyingi kwa kiganja. Kiganja cha leo si kiganja cha jana. Kwa hiyo nguvu inayokisukuma kipande cha chuma hubadilika kila mara.

(b) Kipande kinachorushwa hakilingani na tundu la mtutu. Gesi huvuja pembeni, na kipande chenyewe hugonga kuta za mtutu huku na huku. Upande wa kugonga mara ya mwisho ndio unaoamua kielekee wapi.

(c) Mtutu ni laini ndani. Bunduki ya kisasa ya kuwindia ina mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka ndani ya mtutu, nayo huifanya risasi izunguke kama pia. Katika bunduki nyingi za aina ya .375, risasi hufanya mzunguko mmoja katika kila sentimeta 30.5 za mwendo wake. Ikitoka kwa mwendo wa meta 770 kwa sekunde, huwa inazunguka zaidi ya mara 2,500 kwa sekunde. Mzunguko huo ndio unaoizuia kupinduka hewani.

Kasoro ya nne haihusu usahihi bali uhai. Bomba lisilotengenezwa kwa ajili ya kanieneo kubwa huweza kupasuka usoni mwa mpigaji mwenyewe. Anayezidisha baruti akidhani anaongeza shabaha huwa anaongeza hatari tu.

SEHEMU NNE ZA RISASI

Risasi ya kisasa ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa cha risasi kilichobanwa mdomoni mwa ganda. Pini ikiigonga fataki, cheche huwasha baruti. Baruti hugeuka kuwa gesi yenye joto kali, na kanieneo ndani ya ganda hupanda hadi kuzidi mara 3,000 kanieneo ya hewa tunayovuta. Katika muda mfupi sana, wa kadiri ya elfu ya sekunde, kichwa huwa kimeutoka mtutu.

Kila moja ya sehemu hizo nne huweza kutofautiana na mwenzake. Ganda moja huweza kuwa na nafasi kubwa kidogo kuliko jingine. Kichwa kimoja huweza kuwa kizito zaidi, au kimezama zaidi ndani ya ganda lake. Baruti huweza kuzidi au kupungua. Hata joto lina sehemu yake: baruti iliyopata moto huungua haraka zaidi, kwa hiyo risasi iliyoachwa juani ndani ya gari haiendi sawa na ile iliyotolewa mfukoni katika baridi ya asubuhi ya Kibondo.

UFUNDI WA KUJAZA RISASI KWA MKONO

Katika nchi ambazo sheria inaruhusu, kama vile Marekani na Uingereza, wako wawindaji na walenga shabaha wanaojaza risasi zao wenyewe. Watu wengi hudhani kuwa shabaha ya kazi hiyo ni kupata risasi yenye nguvu zaidi. Sivyo. Fundi mzuri hatafuti nguvu, anatafuta ulinganifu. Anataka risasi ya kumi iwe ndugu pacha wa risasi ya kwanza.

Mtutu wa bunduki, risasi inapopita, hutikisika kama uzi wa zeze uliodonolewa. Ikiwa risasi zote zina mwendo mmoja, kila moja hutoka mdomo wa mtutu ukiwa katika hali ileile ya mtikisiko. Mwendo ukibadilika, risasi moja hutoka mdomo ukiwa juu kidogo, nyingine ukiwa chini kidogo. Ndiyo maana fundi hutafuta kiasi cha baruti kinachoufaa mtutu wake hasa, bila kuvuka kamwe mipaka iliyotangazwa na watengenezaji wa baruti hiyo.

Utaratibu wake ndio utaratibu wa maabara. Hupima kwa mizani, hakisii. Hubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja: akibadili baruti, habadili kichwa. Huandika kila kitu daftarini. Tena haamini matokeo ya risasi moja au mbili, kwa kuwa chache huweza kukaribiana kwa bahati tu.

Nchini Tanzania utengenezaji wa risasi si kazi ya mtu binafsi. Silaha na risasi husimamiwa na sheria, ikiwemo ile ya mwaka 2015, na kuzitengeneza bila kibali ni kosa. Shirika la Mzinga la Morogoro, lililoundwa mwaka 1974, ni la serikali. Hivyo lililo hapa ni somo la kanuni za sayansi, wala si mwongozo wa kutengeneza silaha.

WASTANI NA MTAWANYIKO

Ichukuliwe kwa mfano kwamba wawindaji wawili, A na B, wamepiga kila mmoja risasi tano kwenye shabaha iliyo umbali wa meta 100. Vipimo vifuatavyo, vilivyobuniwa kwa ajili ya somo hili, ni sentimeta juu (+) au chini (–) ya mahali palipolengwa:

A: +6, +7, +6, +5, +6
B: +9, –8, +2, –7, +4

Wastani wa A ni +6. Wastani wa B ni 0. Anayetazama wastani peke yake atasema kuwa B ni hodari kuliko A. Lakini hebu ipimwe tofauti ya kila risasi na wastani wa kundi lake, pasipo kujali alama ya juu au chini. Kwa A tofauti hizo ni 0, 1, 0, 1, 0. Wastani wake ni sentimeta 0.4. Kwa B ni 9, 8, 2, 7, 4. Wastani wake ni sentimeta 6.

Kosa la A ni la kudumu, nalo hutibika kwa kurekebisha kilengeo cha bunduki mara moja tu. Kosa la B halitibiki kwa kurekebisha kilengeo, kwa sababu halina upande. Leo liko juu, kesho liko chini. Tena upotofu wa namna hii hukua pamoja na umbali. Katika meta 200 risasi ya kwanza ya B itakuwa sentimeta 18 juu, na ya pili sentimeta 16 chini. Baina ya risasi hizo mbili kuna tofauti ya mapafu na tumbo la mnyama.

MWENDO NA KUSHUKA KWA RISASI

Mara itokapo mtutuni, risasi huanza kuvutwa chini na dunia kama jiwe lolote lililodondoshwa. Tukiacha kwanza ukinzani wa hewa, kiasi cha kushuka ni nusu ya mchapuko wa mvuto mara muda wa safari uliozidishwa kwa wenyewe. Hebu zilinganishwe risasi mbili, moja yenye mwendo wa meta 770 kwa sekunde na nyingine meta 740, yaani pungufu kwa asilimia 4 hivi:

Umbali wa meta 100: sm 8.3 na sm 9.0, tofauti sm 0.7
Umbali wa meta 200: sm 33.1 na sm 35.8; tofauti sm 2.7
Umbali wa meta 300: sm 74.5 na sm 80.6; tofauti sm 6.1

Mwanafunzi ataona kuwa umbali ukizidishwa kwa 2, tofauti huzidishwa kwa 4. Ukizidishwa kwa 3, huzidishwa kwa 9 hivi. Kwa hiyo risasi zisizolingana huweza kuonekana njema katika uwanja mfupi wa mazoezi, zikaaibisha mbugani.

Kwa kweli hewa nayo hupunguza mwendo, kwa hiyo risasi hushuka zaidi ya hesabu hii. Kasulu na Kibondo ziko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya meta elfu moja, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Risasi ileile hupoteza mwendo kidogo zaidi pwani kuliko huko. Ni jambo la busara, basi, bunduki irekebishwe kilengeo mahali itakapotumika.

Mtu aliyefungua mlango wa vipimo hivi ni Mwingereza Benjamin Robins. Katika kitabu chake cha mwaka 1742 alieleza namna ya kupima mwendo wa risasi kwa kutumia pembea nzito: risasi hupigwa ndani ya pembea, nayo hupanda. Tuseme risasi ya gramu 19.4 yenye mwendo wa meta 770 kwa sekunde inazama ndani ya sanduku refu la mchanga lenye kilo 15 lililoning'inizwa. Kwa kanuni ya kuhifadhiwa kwa momenta, sanduku litaanza kwa mwendo wa karibu meta 1 kwa sekunde, na litapanda karibu sentimeta 5. Kwa rula na mizani, Robins alipima kitu ambacho jicho haliwezi kukiona, akagundua kuwa ukinzani wa hewa ni mkubwa kuliko wataalamu wa wakati wake walivyodhani.

JARIBIO LA DARASANI

Jaribio hili halihitaji silaha yoyote. Vifaa: gololi, ubao wenye mfereji, meza, rula, na sinia pana lenye majivu yaliyosawazishwa au karatasi ya kaboni juu ya karatasi nyeupe.

1. Ubao uegemezwe mezani ili gololi iteremke mferejini, iache ukingo wa meza na kuangukia sinia lililo sakafuni.

2. Alama iwekwe kwenye mfereji. Gololi iachiwe kutoka alama hiyo mara 20, na umbali wa kila tundu kutoka mguu wa meza uandikwe.

3. Alama ifutwe. Mwanafunzi aachie gololi mara 20 kwa kukisia mahali palepale. Hiki ndicho kiganja cha baruti.

4. Wanafunzi watafute wastani wa kila kundi, kisha wastani wa tofauti kama ilivyofanywa kwa A na B.

Mara nyingi itaonekana kuwa wastani wa makundi mawili hautofautiani sana, ila mtawanyiko wa kundi la kukisia ni mkubwa zaidi.

MWISHO

W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda ndovu Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, alisifika kwa kutumia bunduki ya milimeta 7, ambayo wengi waliiona ndogo mno kwa kazi hiyo. Alitegemea kujua viungo vya mnyama vilipo na kuipeleka risasi papo hapo. Nguvu iliyopotea njia haina faida.

Kanuni hiyo haikomi kwenye bunduki. Muuguzi anayepima dawa ya mtoto, fundi anayechanganya saruji na mkulima anayeweka mbolea shimoni, wote hukutana nayo. Dawa iliyozidi leo na kupungua kesho ina wastani mzuri, lakini mgonjwa hanywi wastani; hunywa kipimo cha siku ile. Vivyo hivyo mrina asali wa Kibondo hatakutana na wastani wa risasi za mwindaji. Atakutana na matokeo ya risasi moja.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kosa la A ni rahisi kurekebisha kuliko kosa la B?

2. Rudieni jaribio kwa gololi kubwa na ndogo kutoka alama moja. Kwa nini tofauti ya uzito huathiri kidogo tu hapa, ilhali katika bunduki kichwa kizito kwa baruti ileile huenda polepole zaidi? Fikirini nishati inatoka wapi katika kila hali.

3. Kokotoeni tofauti ya kushuka kwa risasi mbili zilizotajwa katika umbali wa meta 400, pasipo ukinzani wa hewa.

4. Tajeni kazi mbili za kijijini kwenu ambazo wastani mzuri wenye mtawanyiko mkubwa huweza kuleta madhara.